Pikipiki ya Kwenda Mlangali

Ukitaka kuona pikipiki za kila aina, kaa Makambako. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita hapo, na ya Njombe na Songea inachepukia hapohapo. Mara mojamoja husimama wageni wenye BMW za safari ndefu, masanduku ya bati ubavuni, kioo kirefu cha kukinga upepo mbele, wakielekea Zambia au Malawi. Vijana wa kijiweni huziendea na kuzizunguka kimya. Sioni kosa katika tamaa hiyo. Chombo kilichoundwa kumbeba mtu kutwa nzima bila kumvunja mgongo ni kazi ya ustadi mkubwa, na kinastahili kutazamwa.

Lakini kijana mmoja kati ya hao kesho anakwenda Mlangali. Kutoka Njombe atashika njia ya Ludewa, aingie milima ya Wapangwa. Sehemu ya njia hiyo imemwagwa zege. Ukiiacha kuelekea mashambani unakutana na udongo mwekundu ambao mvua za masika huufanya ugande tairini mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nyuma ya kiti pana gunia la viazi. Hapo ndipo kuchagua pikipiki kunapokuwa ufundi, tena ufundi ninaouheshimu kama wa fundi seremala anayejua mti kabla hajaugusa kwa msumeno.

Wengi watamwambia achukue Boxer. Wana haki. Spea zake zipo mpaka vijijini, kila fundi anaijua, na siku ya kuiuza mnunuzi hakosekani. Kwa mtu aliyechukua chombo kwa mkataba, anayepeleka hesabu kila wiki, hayo ndiyo mambo yanayoamua kama watoto watakula. TVS nayo ina watetezi wake. Mimi navutiwa zaidi na historia ya zile za Kichina, SanLG na wenzake, kwa sababu injini zake nyingi zimetokana na Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda waliona pikipiki zao zenye taimingi cheni zinakufa mapema katika nchi ambazo watu hubeba mizigo mizito na huchelewa kumwaga oili. Hawakuwalaumu wateja. Waliwatuma wahandisi wakaone zinavyotumika, kisha wakaunda injini ya pushrodi, rahisi kufungua na ngumu kufa. Mashine tunayosema hununuliwa kwa akili tu, bila moyo, ilitengenezwa na watu waliojali shida za wenzao. Ndiyo maana siwezi kuukubali ule usemi wa vijiweni kwamba moyo hauna kazi katika kununua pikipiki.

Kisha kuna suala la mwinuko. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Pikipiki iliyokuwa inaruka Dar es Salaam ikifika huku inakohoa: hewa ni nyepesi, petroli inazidi, plagi inajaa masizi. Fundi wa huku anaijua dawa. Anaweka jeti ndogo kwenye kabureta, na kwa mbeba mizigo anafunga sproketi ya mbele iliyopungua jino moja. Mwendo unapungua, mvuto unaongezeka.

Mtazame fundi wa namna hiyo akikagua pikipiki iliyotumika. Haanzi kwa kuiwasha. Anaweka kiganja kwenye silinda, na akikuta ina joto anamwambia muuzaji kwa upole, "Tuiache ipoe kwanza, kaka." Injini iliyokwisha kupashwa huficha ugonjwa wake wa kuwaka. Inapopoa, anaishika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi na kuivuta. Ikinyanyuka mpaka mwanga ukapenya kati yake na meno, imekwisha. Ananyanyua tairi la mbele, anazungusha usukani polepole, akisikiliza golori. Anapitisha kidole ndani ya ekzosi. Masizi makavu yanampeleka kwenye kabureta; oili inampeleka kwenye ringi, na ringi ni gharama. Anasoma namba ya chesisi na kuilinganisha na kadi, herufi kwa herufi. Ndipo anapopiga kiki, akiinamisha sikio karibu na hedi.

Akimaliza yote hayo humgeukia mnunuzi. "Mdogo wangu, unaipenda lakini?"

Hilo ndilo swali lililonifanya niandike. Fundi anajua kuwa pikipiki isiyopendwa haioshwi matope jioni, cheni yake haitiwi oili, na mlio mpya wa injini hupuuzwa mpaka siku ya kukwama porini. Nimewaona wazee wanaoendesha Yamaha DT za zamani, zile za kuchanganya oili na petroli, wakizitafutia spea kwa shida kubwa, na bado zinapanda milima. Ted Simon, Mwingereza aliyeondoka London mwaka 1973 kuzunguka dunia, alipita Tanzania na Triumph ya cc 500, ndogo kwa vipimo vya leo vya safari ndefu. Alisafiri miaka minne; si ukubwa wa chombo uliomfikisha. Kwa hiyo akikuuliza kijana wa Makambako, mwambie aiache akili ichague zinazofaa kwa njia yake na mfuko wake, kisha kati ya hizo achukue ile anayogeuka kuitazama akishaiegesha.

Nawe ukienda kununua, usiende peke yako. Nenda na fundi, asubuhi, kabla muuzaji hajaiwasha, na umlipe muda wake hata mkirudi mikono mitupu.