Mpokeaji au Kipokezi?

Katika tafsiri kadhaa za maandishi ya tiba zilizopita mikononi mwetu, protini inayopokea homoni ya estrojeni ndani ya seli imeitwa "mpokeaji wa estrojeni". Istilahi hii haifai. Ngeli ya M-WA ni ya viumbe wenye uhai, na msomaji anayekuta kwamba "mpokeaji wa estrojeni ni chanya" atadhani anayesemwa ni mgonjwa mwenyewe, kwamba amekuwa akipewa estrojeni, na kwamba habari ni njema. Kumbe maana iliyokusudiwa ni kwamba seli za uvimbe wake zina protini hiyo, na kwa hiyo huenda zinachochewa na estrojeni kukua.

Sisi tunaunga mkono "kipokezi". Kiambishi KI- kimekwisha zoea kazi ya namna hii: kipaza sauti, kinasa sauti, kizibo. Na "chanya" na "hasi" waachiwe walimu wa hesabu; mfasiri aandike wazi "saratani yenye vipokezi vya estrojeni" au "isiyo na vipokezi". Saratani yenye vipokezi ndiyo inayotibiwa kwa tamoksifeni, dawa inayokishika kipokezi ili estrojeni isipate nafasi. Mgonjwa aliyedhani kuwa habari ni njema aweza kuiacha dawa anayotakiwa kuimeza kwa miaka 5 au zaidi.

Kosa la pili ni zito zaidi. Jeni ya ESR1, iliyomo katika kromosomu ya 6 na yenye maagizo ya kutengeneza kipokezi hicho, imeitwa "jeni ya saratani ya matiti", jina lile lile lipewalo BRCA1 ya kromosomu ya 17. Mabadiliko ya BRCA1 yaongezayo hatari yaweza kurithiwa na watoto, wa kike kwa wa kiume. Mabadiliko ya ESR1 yanayowashughulisha waganga wa saratani kwa kawaida hutokea ndani ya uvimbe wenyewe, hasa baada ya matibabu ya dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni. Hayo mtoto hayarithi. Mama asiyeelezwa tofauti hii atawatazama binti zake kwa hofu isiyo na sababu. Tena jeni yenyewe kila mtu anayo, mwenye afya na mgonjwa!

Iitwe basi "jeni ya kipokezi cha estrojeni". Jina ni refu, twakiri. Na kwa kuwa tangu 1996 kipokezi cha pili kinajulikana, chenye jeni yake mbali, wafasiri waongeze "alfa" kwa kile cha kwanza na "beta" kwa hicho cha pili.