Jahazi Limefika Gilgil

Ukitaka kujua kampuni inaelekea wapi, achana na ripoti ya mwaka. Soma majina ya bidhaa zake.

Juzi nikiwa steji ya Gilgil, mama wa viazi alimuuliza kijana, "Umetuma?" Jamaa akajibu, "Ngoja kidogo mathe, nafuliza." Hakuna aliyecheka. Neno limeshakuwa letu.

Lakini hebu lisome tena. Kufuliza ni kwenda mfululizo bila kupumzika. Kwanza Safaricom walituletea Okoa Jahazi, kredo ya kukopa: hapo kuna dhoruba, mtu anazama. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, bahari imetulia, weka akiba, kopa kidogo. Januari 2019, Fuliza. Chombo hakitii nanga tena. (Sisi huku maji yetu ni Ziwa Elementaita, lina flamingo, jahazi hakuna. Bado tumepandishwa.)

Mwanzoni hadithi ilikuwa nyingine. Majaribio ya 2005 yalikuwa ya wateja wa Faulu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Kwa haki yao, wenye kampuni waliona, na M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 tangazo lilihusu kutuma pesa nyumbani. Mkakati huo uliandikwa na wananchi, na ulikuwa na watu ndani yake: kuna anayetuma, kuna anayengoja. Kufikia mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, M-Pesa iliingiza zaidi ya shilingi bilioni 100, ikapita mapato ya kupiga simu.

Sasa mkopo uliotoka kwa mlango umerudi kwa dirisha. Ndani ya neno Fuliza hakuna nyumbani. Kuna wewe na pengo lako. Ada zilipunguzwa 2022, sawa, lakini hela inayofuata kuingia inakatwa deni kwanza, hata kama ni ya fare.

Usidhani namtetea sana yule wa zamani, mkopeshaji wa daftari. Daftari lilikuwa na aibu yake, na mama wa viazi alikuwa akipoteza pesa. Ila deni lile lilikuwa na sura. Ungeweza kumwambia, "Mama, nipe hadi Ijumaa," naye angekutazama kabla ya kujibu.

Simu yake ililia. "Imeingia," akasema, akamfungia viazi bila kuinua macho.