Kisanduku cha Kijivu Juu ya Amplifaya

Rangemaster, kifaa cha kukuza sauti za juu za gitaa la umeme, iliyouzwa London na kampuni ya Dallas katikati ya miaka ya 1960, haikuwa pedali ya kukanyagwa. Ilikuwa kisanduku cha bati cha rangi ya kijivu, kikikaa juu ya amplifaya, chenye swichi moja na kitufe kimoja cha kuzungusha. Ndani mlikuwa na transista moja ya jermaniamu, mara nyingi OC44, betri ya volti 9 na vipande vichache ambavyo fundi redio yeyote wa zama hizo angevitambua.

Amplifaya ya valvu ikifunguliwa sana, besi ndizo huielemea kwanza, na gitaa la umeme huvuma kama lililofunikwa blanketi. Kapasita ndogo iliyo kwenye mlango wa Rangemaster, ya nanofaradi 5 hivi, huzipunguza besi hizo mapema. Sauti zinazobaki hukuzwa na kusukumwa kwenye valvu. Sauti hukwaruza, naam, lakini kila uzi husikika.

Mpiga gitaa Rory Gallagher wa Ireland alikiunganisha kisanduku hicho na gitaa lake la Stratocaster la 1961 na amplifaya ya Vox AC30. Brian May, kabla ya bendi ya Queen, alimwuliza siri ya sauti ile, naye akamwambia bila kuficha. May akajenga sauti yake juu ya mpango huohuo, kwa gitaa alilolichonga pamoja na baba yake. Huko Birmingham, Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath alitumia Rangemaster iliyofanyiwa marekebisho; nayo, baada ya kazi yote ile, ilikuja kutupwa.

Raha ya kifaa hiki, hata hivyo, imo katika kitufe cha sauti cha gitaa lenyewe. Mpigaji akikipunguza kidogo kwa kidole cha mwisho, mkwaruzo hufifia, lakini ung'avu haupotei: sauti hubaki safi, yenye ncha. Akikirudisha, gitaa hufoka tena. Yote hayo hufanyika katikati ya wimbo, bila mguu kugusa kitu. Sharti kifaa kiunganishwe na gitaa moja kwa moja, kwa sababu koili za gitaa na transista hufanya kazi kwa kutegemeana. Pedali yenye saketi ya kuimarisha mawimbi ikiwekwa kati yao, uhusiano huo huharibika.

Transista za jermaniamu hazifanani hata zikiwa na namba moja. Huvujisha umeme, na joto huzibadilisha tabia. Fundi makini huzipima mojamoja, huzikataa zisizofaa, kisha hurekebisha rezista ili ziendane na transista aliyoichagua. Kazi hiyo ni ya polepole, na sasa wengi huikwepa: hunakili mchoro, huchomelea transista iliyo karibu, hupaka rangi ya kijivu na kudai bei ya kumbukumbu. Wapo pia wapigaji wanaozungusha kitufe cha trebo, yaani sauti za juu, hadi mwisho kwenye skrini ya kompyuta, wakapata sauti ya kutoboa masikio wakidhani ndiyo ileile.

Anayeitaka kweli amtafute fundi anayepima, atumie amplifaya ya valvu iliyofunguliwa vya kutosha, na kabla ya kununua pedali nyingine ajifunze kwanza kitufe cha sauti cha gitaa lake.