Kitatuzi Kikikwama, Kagua Betri Kwanza

Programu ya kuiga betri ya lithiamu inapokatika njiani na kudai kuwa kitatuzi cha milinganyo kimekosa jibu, wengi hukimbilia kulegeza kiwango cha kosa kinachoruhusiwa. Naona huko ni kuanzia mwisho. Mara nyingi hesabu hukwama kwa kuwa imeamriwa jambo ambalo seli yenyewe hailiwezi.

Chukua vipimo vya seli ya LG M50 vilivyochapishwa na Chen na wenzake mwaka 2020, vinavyotumiwa sana katika programu huria ya PyBaMM. Seli hiyo ni ya ampea-saa 5, mipaka yake volti 2.5 na 4.2. Ukolezi wa lithiamu katika elektrodi hasi huanzia moli 29,866 kwa mita ya ujazo, na kikomo ni 33,133. Seli imekaribia kujaa! Anayeichaji kwa ampea 5 kutoka hapo ana nafasi isiyofika asilimia 10, tena lithiamu hujazana usoni mwa chembe za grafiti kabla ya kupenya ndani. Modeli ya Doyle, Fuller na Newman ya mwaka 1993 hukokotoa kasi ya mmenyuko kwa kutumia kipeuo cha pili cha nafasi iliyobaki hapo usoni. Nafasi ikishuka chini ya sifuri, kipeuo hakipatikani katika namba halisi na hesabu nzima huvunjika. Anza na seli tupu, kisha weka kituo: volti zikifika 4.2, mkondo usiobadilika ukome, ifuate hatua ya volti zisizobadilika.

Chanzo cha pili ni kugeuza mkondo ghafla, kutoka kuchaji hadi kutoa chaji. Ukolezi hubadilika polepole, lakini volti za ndani ya seli hufuata mkondo papo hapo, kwa hiyo makadirio ya hatua iliyopita hayafai tena. Simamisha hesabu pale pale, tafuta thamani mpya za volti, ndipo uendelee. Au upandishe mkondo taratibu ndani ya sekunde moja.

Huwa natenganisha visa hivi kwa kupunguza mkondo nusu, nyakati za kuugeuza zikibaki zile zile. Kosa likichelewa zaidi ya mara mbili, uso wa chembe ndio uliojaa. Likibaki pale mkondo unapogeuka, shida ni mruko. Baada ya kurekebisha, jumlisha lithiamu yote mwanzo na mwisho wa mzunguko. Ikiwa modeli haina uchakavu na jumla zinatofautiana, gridi ndiyo ya kuangaliwa.