Tulikagua Nini?

Katika miaka yangu ya ukufunzi wa chuo cha ualimu nilikaa kwenye madawati ya nyuma ya madarasa mengi ya Mbulu na Hanang, kalamu mkononi, nikiwatazama wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Leo nataka kuikosoa kazi ile, na haki ni kuanza na nafsi yangu.

Katika miaka ya 1980, wilaya hizi zingali ndani ya mkoa wa Arusha (mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002), nilikwenda shule moja chini ya Mlima Hanang kumtazama kijana akifundisha sehemu darasa la tano. Andalio la somo lilikuwa na kasoro, ubao haukugawanywa, zana hakuna. Niliandika makosa 14. Alipouliza, "Mmeelewa?" darasa zima liliitikia, "Ndiyooo!" nami nikaandika kwamba wanafunzi wameshiriki vizuri.

Kengele ilipogongwa mvua ilikuwa ikinyesha, nikabaki darasani. Kwa kukosa la kufanya nikafunua madaftari yaliyokuwa karibu nami, yalikuwa tisa. Katika saba niliona 1/2 + 1/3 = 2/5. Watoto walikuwa wamejumlisha tarakimu za juu kwa za juu, na za chini kwa za chini. Jambo hilo halikuwamo katika karatasi yangu, wala karatasi haikuwa na mahali pa kuliuliza. Nikayafunga madaftari. Kisha nikamsomea kijana makosa yake yote, amesimama, mwalimu mkuu akisikiliza. Alijibu, "Ndiyo, mkufunzi," mara 14.

Niliporudi baada ya wiki mbili, ubao ulikuwa umegawanywa na zana za maboksi zimetundikwa. Somo lilikuwa lile lile, na watoto walijibu hata kabla swali halijaisha. Nilijua kwamba walikuwa wamekaririshwa, lakini nikampa alama ya juu. Kumbe nami nilikuwa nimefundisha: nilimfundisha kijana yule namna ya kumridhisha mkaguzi.

Sisemi kwamba karatasi zile zilikuwa upuuzi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na walimu wengi wakafunzwa kwa haraka, wengine wakiwa kazini vijijini. Mwalimu wa namna hiyo akiwa na andalio zuri na ubao nadhifu, watoto wananufaika. Kosa letu ni kwamba tulipima yale yanayoonekana kwa urahisi kutoka dawati la nyuma, nayo yote yalimhusu mwalimu. Mtoto hakupimwa.

Na huku kwetu kosa hilo lilikuwa na uzito zaidi. Watoto wengi wa darasa lile nyumbani walisema Kidatoga au Kiiraqw. Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi, walikutana nacho shuleni. Kwa mtoto huyo "ndiyo" mbele ya mwalimu ni neno la adabu. Halithibitishi kwamba ameelewa. Na "Ndiyo, mkufunzi" ya kijana yule ilikuwa ya aina hiyo hiyo.

Ningelikuwa na siku ile tena, ningeacha dawati la nyuma na kupita kimya kati ya watoto nikitazama wanachoandika. Baadaye tungekaa wawili, kijana na mimi, chini ya mti, wala si mbele ya mwalimu mkuu. Ningemwachia aanze yeye kusema somo lilikwendaje. Kisha ningemwekea madaftari yale mbele yake: "Mwalimu, hawa wameanza na nusu, wakaongeza, wakapata 2/5, ambayo ni pungufu ya nusu. Kesho tutawaonyeshaje?" Huenda angefikiria kukunja ukanda wa karatasi mara sita, watoto wahesabu vipande vitatu na viwili, waone wenyewe 5/6. Neno moja, linalotendeka kesho yake. Makosa mengine 13 yangesubiri.

Siku hizi wakaguzi wanaitwa wathibiti ubora wa shule, na Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yanawataka walimu wakutane shuleni wajadili ufundishaji wao. Mpango huo naupenda, kwa kuwa mwalimu mwenzako yupo shuleni kesho na keshokutwa, hali mkaguzi hupanda gari akaenda zake. Lakini jina jipya haliponyi kazi ya zamani. Ndugu msomaji uliye mwalimu, ukialikwa darasani kwa mwenzako, kabla hujaandika neno lolote juu yake, omba kwanza daftari la mtoto aliyekaa karibu na mlango.