Kumpima Kiungo Aliyegeuka Kocha: Sergei Semak

Ukitaka kumjua kiungo mzuri, usiufuate mpira. Mtazame yeye sekunde mbili kabla pasi haijamfikia. Je, anageuza shingo? Mwili umeelekea wapi? Aliyekwisha kuona kilicho nyuma yake hupokea kwa mguu wa mbali, na pasi inayofuata tayari anayo kichwani. Asiyeona hupokea akiwa amelipa mgongo lango la wapinzani, akamrudishia beki, na jukwaa likamsifu kwa utulivu.

Kwa kipimo hiki, Sergei Semak anafundisha zaidi kuliko Warusi wengi waliomzidi kipaji. Mwaka 2008 kocha wa Urusi, Guus Hiddink, alimrudisha timu ya taifa akiwa na miaka 32, akamkabidhi unahodha wa Urusi kwenye Euro. Robo fainali dhidi ya Uholanzi, Basel, tarehe 21 Juni, watu wanamkumbuka mwenzake Arshavin, na wana haki. Lakini rudia bao la kwanza ukimwangalia Semak peke yake. Huyu ni kiungo wa chini, kazi yake ni kuziba njia mbele ya mabeki, na bado krosi inatoka kwake, upande wa kushoto, na mshambuliaji Pavlyuchenko anaiunganisha moja kwa moja wavuni. Mkimbio wa aina hiyo huanza mapema, kabla mtu yeyote hajaona nafasi. Urusi ilishinda 3-1 baada ya dakika 120.

Wala hakuwa mkabaji tu. Desemba 2004, akiichezea CSKA Moscow, alifunga mabao yote matatu dhidi ya Paris Saint-Germain, kwao Paris, kwenye Ligi ya Mabingwa. Ushindi huo uliipeleka CSKA Kombe la UEFA, ikalitwaa Mei 2005. Semak hakuwepo: wale wale Waparisi walikuwa wameshamsajili. Baadaye alikuwa nahodha wa Rubin Kazan ilipotwaa ubingwa wa Urusi kwa mara ya kwanza mwaka 2008, ikaurudia 2009, kisha akamalizia Zenit.

Kocha ni mgumu zaidi kumpima, kwa sababu makombe yanadanganya. Zenit, aliyorudi kuifundisha, inafadhiliwa na kampuni ya gesi ya Gazprom. Hununua Wabrazili ambao timu nyingine za Urusi huishia kuwatamani. Semak ameipa mataji sita ya ligi mfululizo, kuanzia msimu wa 2018/19 hadi 2023/24, na wapo wanaosema yeyote angeweza. Mimi nawakatalia, na ushahidi wangu ni Ufa. Alikwenda huko mwisho wa mwaka 2016, klabu ndogo ya Bashkortostan isiyo na hela ya kushindana na Moscow wala St. Petersburg. Msimu wa 2017/18 iliishia nafasi ya sita, ikapata tiketi ya Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mpime kocha pale alipokuwa hana cha kununua.

Halafu mtazame timu yake inapokuwa imezama. Agosti 2018, akiwa kocha mpya wa Zenit, alipigwa 4-0 na Dinamo Minsk kwenye mchujo wa Ligi ya Europa. Mechi ya marudiano, dakika 90 ziliisha Zenit ikiongoza 4-0, yaani imelipa deni lote. Timu nyingi zikifika hapo huchoka na kusubiri penalti. Zenit iliongeza manne mengine, ikamaliza 8-1.

Doa lake ni Ligi ya Mabingwa, na mpimaji wa haki hawezi kuliruka. Msimu wa 2019/20 alishika mkia wa kundi. Msimu uliofuata aliambulia pointi moja katika mechi sita. Kwenye ligi ya nyumbani viungo wake walikuwa na muda wa kugeuza shingo. Mbele ya Dortmund na Lazio muda huo haukuwepo. Kulikuwa na dalili za kupona: Desemba 2021 Zenit iliibana Chelsea, mabingwa watetezi, 3-3, kiungo wake Ozdoev akisawazisha dakika za majeruhi. Miezi miwili na ushei baadaye, Urusi ilipoivamia Ukraine, klabu zake zikafungiwa na UEFA. Mataji ya 2023 na 2024 aliyatwaa bila mtihani huo, na kwangu yana uzito pungufu kuliko ile nafasi ya sita ya Ufa.