Betri Mpya, Jumatatu Gari Haliwaki: Umeme Unaovuja Ulivyosakwa

Malalamiko ya mwenye gari yalikuwa mafupi. Corolla yake ya 1998 iliwaka kila asubuhi ya siku za kazi, lakini ikiegeshwa Ijumaa jioni, Jumatatu alfajiri stata ilitoa mlio mmoja ikanyamaza. Betri mpya ilikwishanunuliwa, na altaneta ilikwishafanyiwa matengenezo. Hali ikabaki vilevile.

Malalamiko hayo yana nusu ya jibu ndani yake. Gari lililozimwa na kutolewa ufunguo bado hula umeme kidogo: saa ya dashibodi, kumbukumbu za redio, kompyuta ya injini, alamu. Kwa gari la umri huo, miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Betri ilikuwa ya ampea-saa 45. Tangu saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa hadi saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu ni saa 60. Kwa miliampea 30, zinapotea ampea-saa 1.8 tu, na stata haiwezi kuhisi upungufu huo. Ili betri ishindwe kuzungusha injini, inabidi ipoteze kama nusu ya chaji yake. Gawanya ampea-saa 22.5 kwa saa 60, unapata karibu ampea 0.4. Kwa hiyo, kabla boneti haijafunguliwa, fundi alijua anatafuta kitu kinachokula umeme sawa na taa ndogo ya wati 5. Usiku mmoja wa saa 12 kitu hicho kingechukua ampea-saa 5 hivi, ndiyo maana siku za kazi gari liliwaka bila taabu.

Vipimo vilianzia kwenye betri. Ikiwa imechajiwa na kupumzishwa, ilisoma volti 12.6, ishara ya betri iliyojaa. Injini ikiunguruma, ilisoma volti 14.2, ishara kwamba altaneta inachaji inavyotakiwa. Vipimo hivyo viwili ni kazi ya dakika chache, na vingefanywa mapema, fedha za betri mpya zingebaki mfukoni.

Kisha ikaja kazi yenyewe: kuipitisha njia ya umeme ndani ya multimita. Waya wa hasi ulifunguliwa, na mita ikawekwa kati ya waya huo na nguzo ya hasi ya betri, kwenye kipimo cha ampea 10. Huchaguliwa upande wa hasi kwa sababu spana ikigusa bodi, hakuna shoti. Milango ilifungwa, ufunguo ukawekwa mbali, na gari likaachwa nusu saa ili alamu itulie. Mita ikiwa mahali pake, mtu asijaribu kuwasha gari: stata huvuta zaidi ya ampea 100, na fyuzi ya mita itakatika papo hapo.

Mita ilisoma ampea 0.46. Hesabu na kipimo vikakubaliana.

Hapo zikaanza kuchomolewa fyuzi, moja baada ya nyingine, kama mtu afungavyo koki za nyumba moja moja kutafuta bomba linalovuja. Fyuzi iliyoandikwa DOME, inayolisha taa ya ndani na saa, ilishusha kipimo kidogo tu. Zilizofuata zikashusha kidogo zaidi, au zisishushe kabisa. Zilipokwisha zote, mita ilibaki kwenye 0.43. Katika magari ya karibuni yenye kompyuta nyingi, kuchomoa fyuzi kunaweza kuziamsha kompyuta na kuharibu kipimo. Huko hupimwa milivolti kwenye ncha mbili zilizo wazi mgongoni mwa fyuzi, bila kuichomoa.

Wapo mafundi wanaokata tamaa wanapofika hapa, ilhali hii ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote: umeme unaovuja haupiti kwenye boksi la fyuzi. Njia zilizobaki ni chache. Ya kwanza ni altaneta. Daiodi zake zikiharibika, huruhusu umeme urudi nyuma kutoka kwenye betri, na altaneta kama hiyo huweza kuwa na uvuguvugu hata gari likiwa limelala usiku kucha. Waya wake mnene ulifunguliwa, baada ya kutenganisha betri kwanza. Kipimo hakikubadilika.

Ikabaki njia ya pili: nyaya zilizoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Redio za magari ya Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM yanayoanzia megahezi 76 na kuishia 90, huku vituo vyetu vikifika 108. Kwa sababu hiyo, magari mengi hubadilishiwa redio mara yanapofika, na redio mpya huja na wenzake: amplifaya, spika za buti, alamu, kifaa cha kufuatilia gari. Nyaya hizo hazimo kwenye mchoro wa kiwanda.

Waya mwekundu ulitoka moja kwa moja kwenye betri, ukapita chini ya zulia hadi kwenye amplifaya ndani ya buti. Fyuzi zikiwa zimerudishwa, waya huo ulipofunguliwa, mita ilishuka hadi 0.03. Waya mwembamba wa kuiamsha amplifaya, unaopaswa kupokea umeme redio inapowashwa tu, ulikuwa umeunganishwa na umeme wa kudumu. Amplifaya haikulala hata usiku mmoja. Hakuna fyuzi iliyokatika, kwa kuwa ampea 0.43 ni mzigo mdogo mno kwa fyuzi yoyote ya gari.

Waya mwembamba ulihamishiwa mahali pake nyuma ya redio, na fyuzi ikawekwa karibu na betri kwenye waya mwekundu, ambao haukuwa nayo. Waya mnene usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi huwasha moto.

Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa mara moja. Ikikaushwa kila wiki, salfeti ya risasi hugandamana kwenye sahani zake, na uwezo uliopotea haurudi wote. Mvujo ukiachwa, kila betri mpya itakayofungwa itaishia palepale.

Basi, ndugu msomaji, gari lako likilala mwisho wa wiki likakataa kuwaka, usitoe fedha ya betri kabla fundi hajakuonesha tarakimu tatu kwenye mita: volti za betri iliyopumzika, volti za injini inayounguruma, na ampea za gari lililozimwa. Ya tatu ikizidi miliampea 50, anza na kila waya ulioongezwa tangu gari liingie nchini.